Fidla na kinanda cha kompyuta vilikataa kuelewana: nilivyovipatanisha

Nina miaka 53, mwanafunzi wa muziki hapa Unguja, na wiki tatu nzima fidla yangu ilisikika mbovu kila nikiiwekea sauti za kompyuta chini yake. Peke yake, tamu. Kikiingia kinanda, kama watu wawili wanaogombana ndani ya daladala.

Nilibadilisha nyuzi. Nikasogeza maikrofoni. Nikawasha programu ya kusahihisha sauti, ndiyo ikaharibu kabisa: ladha yote ya taarabu ikapotea.

Kijana mmoja darasani akaniambia, "Ami, hebu piga noti ya *mi* peke yake." Nikapiga, na hapo nikasikia. Wimbo ulikuwa katika maqamu (ngazi ya noti za muziki wa Kiarabu) iitwayo rast, kuanzia *do*, na humo *mi* na *si* hukaa chini kidogo ya zile za piano. Kidole changu kinalijua hilo tangu utotoni, kinanda hakilijui.

Basi nikazima usahihishaji. Nikafungua mpangilio wa tyuni wa kinanda, nikashusha noti hizo mbili tu, senti 50 kila moja, yaani robo toni (senti moja ni sehemu ya mia ya nusu toni). Karibu, lakini bado. Kumbe *mi* yangu haishuki kiasi hicho! Nikaipandisha ile ya kinanda senti moja moja huku nimevuta upinde mrefu, hadi ule mtetemo wa wo-wo-wo ukapungua, ukatulia. Ikakaa senti 38 chini. Yako itakuwa nyingine, fuata sikio.

Rudia hivyo kwa kila sauti unayoongeza. Mimi nilisahau besi, nikaanza upya usiku wa manane.