Namba ya kv isikudanganye

Jamani hii ishu ya mota za vigari vya rimoti inachanganya watu kweli, mtu anaona kwenye boksi pameandikwa kv 3500 anadhani ndo spidi yenyewe, kumbe hiyo ni mizunguko ya mota kwa dakika kwa kila volti moja, tena ikiwa inazunguka bure haijabeba kitu. Chukua betri ya lipo ya seli 2, volti 7.4, zidisha na 3500 unapata 25,900. Tamu kwenye karatasi. Ukishafunga tairi ukaweka kigari chini, inashuka.

Mi nilijifunza kwa kuunguza. Nilitoa kile kigia kidogo cha kwenye mota chenye meno 12 nikaweka cha meno 16, aisee kikawa kinakimbia hatari, ila kuondoka kinajivuta kama kimebeba mawe, dakika 5 tu nikagusa mota nikarudisha kidole haraka, na ile harufu ya waya unaoungua nadhani mnaijua. Ukiongeza meno pale unapata spidi ya juu lakini unapoteza nguvu ya kuvuta, mota inanyonya umeme mwingi na joto linapanda.

Zile mota za brashi nazo, yaani zenye vipande vya kaboni vinavyosugua ndani kupitisha umeme, mara nyingi haziandikwi kv, zinaandikwa raundi za waya uliosokotwa ndani, hapo ni kinyume, namba ndogo ndo yenye mbio.

Saivi niko kwenye meno 13, mota nikiigusa inavumilika.