Mordred kauawa mwanzoni kabisa, sasa Arthur atasalitiwa na nani?

Dola milioni 175 zilitumika kutengeneza King Arthur: Legend of the Sword, muvi ya Guy Ritchie ya mwaka 2017, na dunia nzima haikurudisha hata milioni 150. Ilipangwa iwe ya kwanza katika mfululizo wa muvi sita. Ya pili haijaja mpaka leo. Wapwa zangu wa Igoma hawakuwa na habari hizo, kwa hiyo waliikalia chini kwa moyo mweupe, sahani za dagaa na ugali mapajani.

Mimi naishi kusini mwa Uingereza, ambako jina la Arthur, mfalme wa hadithi za kale, limebandikwa kila mahali, kuanzia kwenye baa hadi kwenye vitambaa vya kukaushia vyombo. Basi nikirudi Mwanza likizo nachukuliwa kama ndugu wa karibu wa marehemu. Kila ngome ikitokea: "Mjomba, hapo ndiyo kwako?" Wakatokea tembo wakubwa kuliko ghorofa, wanavunja daraja la Camelot, ngome ya mfalme. "Mjomba, na tembo mnao?" Nikawaambia tembo wako huku kwetu, geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti liko barabara hiihii ya Musoma inayopita hapo nje. Hawakuniamini. Ulaya wana kila kitu, itakuwa tembo?

Muvi ilikuwa kwenye flashi, imetafsiriwa. Anayezijua muvi za kutafsiriwa anajua hali ilivyo: jamaa anaongea juu ya kila kitu, anawakaripia wahusika, anawapa majina ya mtaani, na maneno yakimkwama anatia ya kwake. Huyu wetu alikutana na kisiki. Ritchie anapenda watu wapange jambo huku tayari tunaoneshwa likitendeka, wanakatizana maneno, picha inaruka mbele inarudi nyuma. Mtafsiri akahangaika naye weee, mwisho akanyoosha mikono: "Hapo wanapanga mambo yao." Sijasikia uhakiki bora zaidi ya huo.

Lakini kasi siyo kosa kubwa. Kosa kubwa liko mwanzoni kabisa, kabla hata dagaa hawajapoa. Mordred anakuja na hao tembo wake, ni mchawi tu mwenye hasira, na Uther, baba yake Arthur, anamkata kichwa. Kwisha habari yake. Arthur bado mtoto mdogo.

Sasa, katika masimulizi ya kale Mordred ndiye anayemmaliza Arthur, kwenye vita vya Camlann. Na si mtu baki. Wasimulizi wa baadaye wanamfanya kuwa mtoto wa Arthur mwenyewe, aliyemzaa na dada yake wa mama mmoja bila kujua. Aibu hiyo ndiyo inayomrudia mfalme ikiwa na upanga mkononi. Katikati yake kuna mapenzi ya siri ya Lancelot, rafiki kipenzi, na mke wa mfalme, Guinevere. Nyumba inabomokea ndani. Kwenye muvi Lancelot hayumo, Guinevere hayumo, mchawi Merlin anatajwa zaidi kuliko anavyoonekana, na meza ya duara, ile ya Arthur na mashujaa wake, inaletwa mwishoni, ikiwa bado kwa fundi.

Winchester, katika ukumbi wa zamani wa ngome, kuna meza ya duara imetundikwa ukutani. Upana wake ni zaidi ya meta tano. Si ya Arthur, bila shaka. Mbao zake ni za karne ya 13, na michoro iliwekwa wakati wa Henry VIII. Nilipokwenda nilizunguka chini yake nikisoma majina ya mashujaa kwa shingo iliyopinda. Jina la Mordred limo, na kiti chake kipo karibu kabisa na mfalme. Waliochora walijua fika kwamba huyu ndiye atakayemuua mwenye meza, na bado wakampa nafasi yake. Michoro ile ilikuwa ya kuwatukuza wafalme, lakini hawakumfuta.

Msinisome vibaya, sisemi hadithi isiguswe. Geoffrey wa Monmouth alipoiandika, yapata mwaka 1136, meza ya duara haikuwemo. Ilitiwa na mshairi Wace mwaka 1155. Lancelot akaja baadaye, kwa mkono wa Mfaransa, Chrétien de Troyes. Kila msimulizi kaongeza chumvi yake. Hata Ritchie kuna pahali kaongeza vizuri: Uther anakufa kwa upanga wake mwenyewe, mwili unageuka jiwe na kuzama majini, upanga umenasa mgongoni. Kwa hiyo lile jiwe ambalo kijana anakuja kuchomolea upanga ni baba yake. Wazo zuri sana hilo. Halafu kijana anaposhika mpini tu, nani kasimama pembeni na kovu usoni? David Beckham. Mpwa wangu mkubwa akapiga kelele "Beckham huyo!", na jiwe likasahaulika palepale.

Aliyeibeba muvi ni baba mdogo. Vortigern, ndugu yake Uther, anachezwa na Jude Law, na kila akitaka nguvu lazima amtoe mtu anayempenda. Kwanza mke. Halafu binti. Anamkumbatia yule binti, analia kweli, na kisu anacho. Hapo mtafsiri hakutia neno. Dada yangu, aliyekuwa anapitapita na vyombo, akasimama na sufuria mkononi. Adui kapewa moyo wenye jeraha, shujaa kapewa misuli na ndoto mbaya za usiku. Charlie Hunnam anapigana vizuri, anatania vizuri, na hakuna mtu wake hata mmoja anayeweza kuja kumdai kosa alilotenda.

Bibi yetu alikuwa na hadithi ya Masala Kulangwa, ambayo Msukuma gani hakulishwa? Zimwi Shing'weng'we kameza watu wote na mifugo, kabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Anamzaa Masala. Mtoto akikua anauliza watu wako wapi, anaambiwa. Anatoka, anarudi na panzi: mayu, yaani mama, nimemuua Shing'weng'we! Huyo ni panzi, mwanangu. Anarudi na ndege, anarudi na paa. Bibi hakuruka hata mnyama mmoja, na sisi tuliomba aongeze. Mwisho anamuua Shing'weng'we mwenyewe, anampasua tumbo, watu wanatoka hai, na katika kupasua kisu kinamkata bibi kizee mmoja sikio. Bibi kizee hashukuru. Anakasirika, anataka kumroga. Mkombozi wa dunia nzima inabidi aanze kutafuta dawa ya sikio.

Muvi ikiisha niliwasimulia. Yule mkubwa anasema hiyo ingefaa kutengenezwa, na Shing'weng'we atoke ziwani pale kwenye Jiwe la Bismarck, avunje vivuko. Nikamwambia sawa, mtoe popote unapotaka, ila sikio usiliguse. "Hilo sikio mjomba linachelewesha mambo," akasema. Mdogo wake akamwuliza: sasa yule bibi atakuwa amekasirikia nini?

Dada akaingilia kutoka jikoni kwamba mimi nimekaa Ulaya nimesahau, bibi hakusimulia hivyo, kulikuwa na ng'ombe kabla ya Shing'weng'we. Ng'ombe? Ng'ombe wote si walimezwa? Tukabishana hadi saa tano usiku, kisha akampigia shangazi Magu, na shangazi naye ana yake.