Ubongo wako haujaoza, mwanangu

Mwinjilisti mgeni aliyekuja kwenye semina yetu ya vijana hapa Tabora alikuja na projekta. Akatuonyesha ukutani picha mbili za ubongo, mmoja mzima, mwingine una matundu meusi. "Huu wa pili," akasema, "ni wa mtu anayeangalia video za ngono. Zinaula." Vijana wakaguna. Mama mmoja nyuma yangu akamwita Yesu. Mimi ni muuguzi, nimezeekea zahanati, na nilijua kuna maneno pale hayakukaa sawa, lakini kwetu mgeni wa kanisa habishiwi mbele ya watoto.

Siku chache baadaye kijana mmoja wa bodaboda, kijiwe cha Ipuli, alisubiri foleni ya wagonjwa iishe ndipo akaingia. Shikamoo sista. Marahaba. Alianza na kichwa kuuma, akahamia kwenye usingizi kukata, akazunguka wee, mwisho akalitoa. Anaangalia hizo video tangu shule ya msingi, alianzia kwenye simu ya kaka yake. "Sasa sista, ubongo wangu si utakuwa umeshaoza? Na kama umeshaoza, nikiacha leo itanisaidia nini?"

Nilikasirika, na hasira haikuwa ya kijana. Picha iliyoletwa kumtisha ili aache imempa sababu ya kuendelea.

Picha za namna ile zenye "matundu" mara nyingi hupimwa kwa kufuata damu inavyopita kichwani. Tundu maana yake ni kwamba wakati wa kipimo damu ilipita kidogo pale. Nyama ya ubongo ipo. Hilo nilimwambia kwanza, na nikaona mabega yake yanashuka.

Kinachotokea kweli ni kitu cha kawaida zaidi, na kwa maoni yangu kinatisha vya kutosha bila kutiwa chumvi. Ubongo unajifunza. Mtafiti Wolfram Schultz, miaka ya 1980 na 1990, alipima kwa nyani seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na zawadi. Mwanzoni nyani akipewa tone la juisi, seli zinachachamaa. Baadaye taa ikawa inawashwa kabla ya juisi, na nyani walipozoea, seli zikahama: zinachachamaa taa ikiwaka, juisi yenyewe ikija zimetulia. Taa ikiwaka na juisi isije, zinashuka chini ya kawaida yake. Yaani mwili unadai kilichoahidiwa.

Kijana wangu hana taa, ana bando la usiku. Saa tano, amerudi kutoka kijiweni, amekula, yuko ndani ya chandarua peke yake, simu ina chaji. Video bado hajaifungua na tayari mapigo ya moyo yamebadilika. Nilipomwelezea hivyo alicheka kwa aibu, akasema, "Sista, hata mlio tu wa meseji ya kifurushi."

Ndiyo maana kuna jambo jingine alilolisema ambalo nimelisikia kwa wengi, kwamba siku hizi haoni hata raha. Anatafuta, anaruka video hii na ile, anamaliza amechukia. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge, Valerie Voon na wenzake, waliwapima wanaume 19 ambao tabia hii iliwashinda, wakawalinganisha na wengine 19. Walipoonyeshwa video hizo, hamu ya wale wa kwanza ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao, lakini kuzifurahia hawakuzifurahia zaidi. Kwenye ubongo kuna kutaka na kuna kupenda, na vinaweza kuachana. Paulo analia jambo la jirani na hili katika Warumi 7, kwamba lile asilolipenda ndilo analolitenda, na hakuwa na mashine.

Mwaka huohuo kulikuwa na utafiti mwingine, wa Berlin, wanaume 64. Walioangalia kwa saa nyingi zaidi walionekana kuwa na ujazo mdogo kidogo katika sehemu moja ya ubongo inayohusika na zawadi na motisha. Huu ndio wahubiri wanaupenda. Wanachoruka ni kwamba watafiti wenyewe walisema hawawezi kujua kipi kilitangulia: huenda kuangalia kumepunguza, huenda mtu mwenye umbile hilo ndiye anayevutwa zaidi. Sisi tunaosimama mbele ya watu na Biblia mkononi hatuna ruhusa ya kuongeza hapo. Bwana alisema katika Mathayo 5 kwamba anayemtazama mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini naye moyoni mwake. Neno hilo lilisimama miaka elfu mbili bila projekta.

Hapa kwetu tunalima tumbaku, Urambo yote na Kaliua yake, kwa hiyo nikitaka kueleza uraibu sihangaiki. Kila mtu ana mjomba aliyeapa kuacha sigara. Nikotini nayo inapita kwenye njia hiyohiyo ya dopamini. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, tabia ya ngono isiyozuilika wameiweka kwenye matatizo ya kushindwa kujizuia, hawakuiweka na sigara na pombe. Na wameongeza sharti ambalo lilinichoma kama Mkristo: mtu anayeteseka kwa sababu tu dhamiri inamshitaki, huyo peke yake hatoshi kuitwa mgonjwa. Nililitafakari sana. Nimefika hapa: dhambi si lazima iwe ugonjwa ndipo tuiache. Binti anayeangalia mara moja kwa mwezi na kulia wiki nzima (ndiyo, mabinti wanaangalia, acheni kushangaa) haumwi ubongo. Anahitaji toba na mtu wa kuzungumza naye. Kumwita mraibu ni kumbebesha jina ambalo si lake. Kijana anayelala saa tisa, anayekosa abiria wa treni ya alfajiri, aliyejaribu kuacha akashindwa, huyo anahitaji toba na msaada wa zaidi.

Na msaada tunaoutoa kanisani ni upi? Kukemea. Kijana wangu ameombewa, ameanguka chini, amefunga, na wiki ya pili yuko palepale. Sikatai mapepo, Marko 5 nimeisoma kama ninyi. Lakini pepo linalojua bei ya kifurushi na saa ya mama kulala, mimi ningeanza na simu. Someni 2 Samweli 11 taratibu. Kabla hatujamwona Bathsheba tunaambiwa ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, naye Daudi amekaa Yerusalemu. Ni jioni, ametoka kitandani, anatembea juu ya dari. Mwandishi wa kitabu kile aliijua taa.

Kwa hiyo tulipanga hivi. Simu janja inalala sebuleni, kwenye chaji ya mama yake. Chumbani anaingia na kiswaswadu, simu ndogo ya batani. Wateja wa bodaboda wanapiga, hakuna anayemtumia video. Kila Jumapili baada ya ibada anakutana na mzee mmoja wa kanisa, mtulivu, asiyeshtuka, tuliyemchagua pamoja kwa sababu hana mdomo. Yakobo 5 inasema tuungamiane na kuombeana tupate kuponywa. Inashangaza jinsi tulivyoibakiza "kuombeana" tukaitupa nyingine.

Ameteleza, tena baada ya muda mrefu wa ushindi, akaja amekunja uso kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia alichokigundua mwanasayansi Pavlov zamani, kwa mbwa aliowazoesha kudondokwa mate wakisikia ishara ya chakula: kilichojifunzwa kikizimwa hakifutiki, kinaweza kuibuka tena baada ya kupumzika, halafu kikizimwa tena kinadhoofika. Warumi 12 inasema tugeuzwe kwa kufanywa upya nia. Anayemwambia kijana aliyejikwaa kwamba hakuwahi kuokoka anataka igeuke usiku mmoja.

Sasa jambo ambalo kwenye ile semina halikuguswa kabisa. Tulizungumza ubongo wa anayeangalia kuanzia asubuhi mpaka chai. Mwanamke aliye kwenye video hakutajwa. Hapa mjini ilizunguka koneksheni, yaani video ya faragha iliyovujishwa, ya binti mmoja, aliyemrekodi ni mtu aliyemwamini, ikapita kwenye magrupu mpaka ya wanakwaya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza ponografia, lakini sikusikia aliyekamatwa. Binti ndiye aliyehama Tabora. Vijana walioifungua wako nasi, tunawaombea ubongo wao upone. Nilimuuliza kijana wangu kama aliiona. Akainama. Nikamuuliza kama anajua yule binti alikuwa akiimba sauti ya kwanza. Alijua.

Nadhani hapo ndipo kitu kilipovunjika ndani yake, kuliko habari zote za dopamini nilizomhubiria. Alikuwa akiogopa anachojifanyia mwenyewe. Kwamba kuna mtu mwingine, mwenye sura ya Mungu, aliyeumizwa na kidole chake, hakuna aliyewahi kumwambia.

Wazee wameniomba nichukue kipindi kwenye semina ijayo. Nimekubali kwa masharti mawili. Ile picha isiwekwe ukutani. Na wasichana wasipelekwe darasa la pili kufundishwa upishi wakati wavulana wanazungumziwa haya. Wakae humohumo, wasikie, na wao waulize. Sharti la kwanza limepita bila ubishi, la pili bado linajadiliwa.