Bogenvilia zangu za kwenye ndoo

Leo asubuhi nimetoka barazani na chai yangu nikakuta ile bogenvilia ya pinki imeanza, kwenye ncha za matawi kuna vijani vidogo vyenye wekundu kwa mbali, na nimefurahi jamani maana tangu mwezi wa tatu ilikuwa majani matupu, hata jirani alishaniuliza kama nina uhakika huo mti ni wa maua. Masika imekata, kusi imeanza kuvuma, usiku siku hizi hata feni nazima, na hapa Dar bogenvilia zangu huwa zinaamka kipindi hiki hiki.

Ninazo nne, zote kwenye ndoo za rangi za lita 20 kwa sababu nimepanga na uani kote kumepigwa sementi.

Ya kwanza kabisa ilikufa. Niliinunua kwa wauza miche wa barabarani mwezi wa pili, imejaa zambarau mpaka majani hayaonekani, nikaiweka kwenye chungu kizuri chenye sahani chini, nikawa naimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Ikaja masika ikanyeshewa wiki nzima, sahani imejaa maji muda wote, majani yakaanza kuwa ya njano na kupukutika, mi nikadhani ina njaa nikaiongezea samadi. Nilipoing'oa mwezi wa tano mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka. Iliniuma sana, maana kumbe ilikuwa ni kutoa ile sahani tu.

Tangu hapo kila ndoo natoboa matundu kama manane kwa msumari uliopashwa moto, naikalisha juu ya matofali mawili ili maji yapite, na udongo nachanganya mwekundu na mchanga nusu kwa nusu halafu samadi kidogo iliyooza vizuri (mchanga wa mtoni, sio wa baharini, ule una chumvi). Masika ikianza nazisogeza ukutani chini ya bati, jua zinapata ila mvua haiziangukii yote.

Sasa hili la maji ndo watu wengi wanakosea. Bogenvilia ukiimwagilia kila siku inashiba, inarefuka, inatoa majani ya kupendeza na maua hakuna. Asili yake ni Amerika Kusini, Brazil na nchi za jirani, huko imezoea vipindi virefu vya ukavu, kwahiyo ikihisi kiu kidogo ndo inakimbilia kutoa maua. Na yale tunayoyaita maua kumbe ni majani yaliyobadilika rangi, ua lenyewe ni kile kimrija cheupe cha katikati, vinakaa vitatu vitatu, uzitazame vizuri siku moja. Basi kipupwe kama hiki nasubiri mpaka nikichomeka kidole udongo uwe mkavu hadi pingili ya pili, nainua ndoo naiona nyepesi, ncha changa zimeanza kulegea, hapo namwaga maji mpaka yatoke chini, naiacha tena siku tatu nne.

Ila usije ukafanya hivyo mwezi wa kwanza! Kaskazi ikivuma na lile jua, ndoo inakauka ndani ya siku moja, na mti wa kwenye ndoo hauna pa kupeleka mizizi kutafuta maji kama wa ardhini. Kipindi hicho namwagilia kila asubuhi, mapema, kabla plastiki haijapata moto.

Mbolea sina makuu. Urea niliacha kwa sababu inaleta majani tu, natumia NPK ya 17:17:17 (ile yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), kijiko kimoja cha chai kwa ndoo, mara moja kwa mwezi, na nakiweka baada ya kumwagilia. Kupogoa ni mwisho wa mwezi wa tisa, maua yakishaisha na vuli haijaanza, nakata kama theluthi ya kila tawi kwa sababu maua yanatoka kwenye matawi mapya. Glavu ni lazima, ile miiba sio ya mchezo.

Mdogo wangu yuko Arusha na yeye anazo, mwaka jana mwezi wa saba akanipigia analia kabisa, "Dada, zimepukutika zote, zimekufa." Nikamuuliza unamwagiliaje, kumbe anafuata ratiba yangu ya Dar, na Arusha mwezi wa saba ni baridi na mawingu siku nzima, udongo haukauki upesi. Nikamwambia kwaruza gome kwa ukucha uone rangi ya ndani. Kijani, yaani bado ziko hai! Basi nikamwambia aache maji, asizing'oe, azisogeze ukuta wa upande jua linakotua. Mwezi wa kumi akanitumia picha, chungwa tupu, sijawahi kuona rangi ile hapa mtaani kwetu.

Nikamwomba vipandikizi. Akanikatia vitano, vile vilivyokomaa, unene wa penseli, akavifunga kwenye gazeti lililoloweshwa akanitumia kwa basi. Nilivichomeka kwenye vifuko kivulini mwanzoni mwa masika, vitatu vimekauka, kimoja bado sikielewi, na kimoja kimetoa majani manne. Sikigusi mpaka mizizi ijae kifuko, maana mizizi ya bogenvilia ni dhaifu, ukiitikisa wakati wa kuhamisha inasusa, kwahiyo nitachana kifuko na wembe nikiwa nimeshakiweka ndani ya ndoo. Ndoo ya tano nimeshaitoboa, iko pale ukutani inasubiri.