Gombo la Majina: Kutoka Christchurch Hadi Mwaloni Kirumba

Kila tarehe 19 Septemba hapa Christchurch watu hukusanyika kando ya mto Avon, mbele ya sanamu za shaba za Kate Sheppard, kiongozi wa wanawake waliodai kura, na wenzake zilizozinduliwa mwaka 1993. Kifuani hubandika ua jeupe la kamelia. Tarehe hiyo mwaka 1893 gavana alitia saini sheria iliyoifanya New Zealand kuwa nchi ya kwanza duniani yenye serikali yake kuwapa wanawake watu wazima kura ya kuchagua bunge. Wiki kumi baadaye, 28 Novemba, wakaenda kupiga kura.

Ndugu wa Mwanza wakisikia habari hii huuliza kama nasi kando ya ziwa twaweza kuwa na siku kama hiyo. Twaweza, na vikundi vya vikoba, vile vya kuweka na kukopa, vya Kirumba, Igogo na Igoma vina kila kinachohitajika. Ila kitu cha kuiga huku si ua wala hotuba. Ni gombo.

Wanawake wa huku walipotaka kura walikusanya saini. Ombi kubwa la mwaka 1893 lilikuwa na saini 25,519 kwenye karatasi 546, wastani wa majina 47 kila karatasi, zikaungwa kwa gundi moja baada ya nyingine hadi zikapita mita 270, kisha zikazungushiwa kipande cha mpini wa ufagio. Mbunge John Hall alilibeba hadi bungeni, akaliachia libingirike sakafuni likijifungua lenyewe mpaka mpini ukagonga ukuta wa mwisho. Gombo hilo lipo hadi leo, linatazamwa Maktaba ya Taifa mjini Wellington, na wajukuu huenda kulitafuta jina la bibi yao. Sherehe nzima ya huku inasimama juu ya majina yale. Hotuba za mwaka 1893 wanazikumbuka wachache, lakini jina la bibi kwa mwandiko wake mwenyewe linamtoa mtu machozi.

Sisi hatuna gombo la namna hiyo, na wenye majina wanaondoka. Anayestahili kuandikwa kwanza ni mwanamke aliyekuwa na miaka 21 kura ilipofunguliwa kwa wote mwaka 1962, yaani aliyezaliwa mwaka 1941 au kabla. Bibi huyo amevuka miaka 80. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika, na ianze miezi mitatu kabla ya siku yenyewe.

Hapo ndipo wengi watakapokosea, kwa sababu kura kwetu haikuja siku moja. Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulikuwa wa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na haukuwa wa kila mtu: ulitakiwa uwe na miaka 21, tena uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato kilichowekwa, au wadhifa unaotambulika. Wanawake waliopenya tundu hilo walikuwa wachache, ingawa wanawake ndio waliokuwa wakiijaza mikutano ya TANU, na Bibi Titi Mohamed alikuwa amewaingiza maelfu tangu 1955. Kwetu Usukumani TANU yenyewe ilipigwa marufuku mwaka 1954 na kufunguliwa 1958, kwa hiyo kadi ya bibi yenye tarehe ya baadaye haina maana kwamba alichelewa kuamka. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuwa mpana zaidi, lakini viti vingi vilipita bila kupingwa, na penye mgombea mmoja hapakuwa na kura ya kupiga. Wengi walifika kwenye sanduku kwa mara ya kwanza tarehe 1 Novemba 1962, kumchagua rais wa Jamhuri.

Usimuulize bibi, “Ulipiga kura mwaka gani?” Atakujibu mwaka wa Uhuru, kwa sababu ndio mwaka unaotajwa redioni kila Desemba. Muulize alichokiona. Kama anakumbuka kuchagua watu watatu kwa mpigo, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, huyo ni wa 1958 au 1959, na ni lulu; mwandike siku hiyohiyo. Kama ni Nyerere na mpinzani wake Mtemvu, ni 1962. Kama karatasi ilikuwa na jembe na nyumba, ni 1965 au chaguzi zilizofuata. Muulize pia kama ilikuwa bado wakati wa mtemi, maana watemi waliondolewa madarakani mwaka 1963. Alama na sura za watu hukaa kichwani kuliko tarehe. Wala usimuulize alimchagua nani. Ile ilikuwa siri yake na inabaki kuwa siri yake. Ukiuliza, mlango wa pili utafungwa kabla hujabisha hodi, maana habari zitakuwa zimekutangulia.

Majina nayo yana mitego. Mtaani anaitwa Mama fulani, kwenye kadi ya kliniki ana jina la mume, na kwao ni Ng'wana fulani kwa jina la baba. Andika yote matatu: jina lake la kuzaliwa, la baba, na lile analoitikia. Kisha andika alikopigia kura kwa jina la wakati ule. Vijiji vingi vya Usukumani vilihamishwa miaka ya 1970, na mahali alipopanga foleni huenda leo ni shamba la pamba. Nenda na mjukuu wake anayejua Kisukuma cha ndani, au Kikerewe au Kijita kama ni mtu wa visiwani. Amkia, kaa, kunywa uji ukipewa. Bibi mmoja humaliza saa nzima, kwa hiyo watu wawili wakitembea asubuhi wataandika wanne au watano, si ishirini.

Kila bibi aandike mwenyewe akiweza, hata kama herufi zinatetemeka. Asiyeweza aweke dole gumba kwa wino wa pedi ya muhuri, na msaidizi aandike jina pembeni kwa bolpen ya kawaida. Maka peni msitumie. Hewa ya ziwani ina unyevu, wino wake unasambaa, na baada ya masika mawili jina linakuwa doa.

Tuchukue majina 300. Mistari kumi kwa ukurasa inatosha kwa macho ya wazee, hivyo ni karatasi 30 za fulskepu. Acha sentimita 4 za juu ya kila karatasi bila maandishi. Karatasi tupu ikiunganishwa na karatasi tupu huchanika mikononi mwa watu, kwa hiyo muishikize kwenye marikani, kile kitambaa cha pamba. Chukua marikani ya upana wa sentimita 90, mita 4, uifue kwanza maana ina wanga na itafupika ikilowa baadaye. Ikikauka, ichane kwa mkono kufuata uzi, usikate kwa mkasi. Ikipinda uzi, gombo zima litaviringika mshazari kama mkeka uliolegea. Utapata kanda tatu za upana wa sentimita 30. Ziunge kwa mshono bapa, una ukanda wa karibu mita 12.

Gundi iwe ile nyeupe ya seremala, kopo la robo kilo litabaki. Uji wa ngano unashika vizuri lakini mende na panya wanaupenda, na ndani ya mwaka watakuwa wamekula jina la mtu. Paka sentimita 2 za kichwa cha karatasi tu, upande wa nyuma, ubandike kwenye marikani. Mguu wa karatasi uache huru, ulalie kichwa cha karatasi inayofuata kama vigae vya paa. Hili ndilo watu hulipuuza. Ukibandika juu na chini, siku ya kuviringisha kitambaa na karatasi vitagombana, kwa kuwa cha nje kina mzunguko mrefu kuliko cha ndani, na karatasi itavimba katikati kisha ipasuke kwenye mkunjo. Kila karatasi ikiwa na urefu wa sentimita 33 na kulaliana 2, zote 30 zitachukua mita 9 na ushee. Kinachobaki kigawe: nusu mita mbele iwe ya kushikia, na mita mbili nyuma usizijaze. Utaona kwa nini.

Mpini wa ufagio ni mwembamba, karatasi za ndani zinapata makunyanzi. Kwetu Usukumani mpini wa jembe ndio wenye unene unaofaa. Kata sentimita 45, piga msasa, kisha uufunike kwa kipande cha marikani, kwa sababu mti ukipata unyevu hutoa rangi ya kahawia inayopenya hadi kwenye majina. Anza kuviringisha kutoka mwisho, ili karatasi ya kwanza ikae nje. Lijaribuni gombo siku tatu kabla, mlifungue lote. Likianza kufunguka kutoka karatasi ya 30, bado mna muda wa kurudia.

Rangi ya siku iwe nyeupe. Kina mama wa Uingereza waliopigania kura walivaa zambarau, nyeupe na kijani, na picha zao zinavutia, lakini utepe wa kijani barabarani Mwanza ni chama cha siasa, na ukishavaa rangi ya chama umewafukuza nusu ya mabibi na wajukuu zao. Huku mwaka 1893 wabunge waliounga mkono walipewa kamelia nyeupe, wapinzani wakavaa nyekundu. Kamelia kwetu hakuna. Asumini inanyauka kabla ya saa nne. Kipande cha marikani kilichobaki, kikikunjwa ua na kushonwa kwa pini, kinatosha, tena ni kitambaa kilekile kilichobeba majina.

Kuhusu tarehe, Septemba inatufaa: ni mwezi wa kura ya kwanza ya 1958 na vuli haijashika. Chagueni wiki ya mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, na wanawake wa soko la samaki la Mwaloni ndipo wanapopata nafasi. Jumamosi itawakosesha Wasabato, ambao ni wengi kandokando ya ziwa, Ijumaa mchana Waislamu, Jumapili asubuhi wengine wote. Alhamisi ni nzuri. Barua ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wiki mbili kabla, na taarifa ya polisi ifike si chini ya saa 48 kabla, ikisema wazi kwamba si mkutano wa siasa.

Anzeni saa 2 na mmalize kufungua gombo kabla ya saa 5 asubuhi. Baada ya hapo jua linapasha nchi kavu na upepo wa ziwani unaingia. Mita 12 za kitambaa mikononi mwa wasichana zinageuka tanga. Uwanja wa wazi kando ya maji una picha nzuri na upepo mbaya, kwa hiyo ukumbi wa shule au wa kanisa lisilo na ngazi ni bora. Ngazi ziangalieni kweli, maana mabibi wa Mabatini na Igogo wameshateremka mawe ya kutosha kufika barabarani. Bajaji moja ichukue mabibi wawili na mjukuu mmoja. Viti viwe na mgongo, choo kiwe karibu, na uji utangulie kila kitu. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ipikwe iive hadi ilainike, na karanga zisagwe.

Wasichana wanane wa sekondari wanatosha: saba wa kushika ukanda, mmoja kwenye mpini. Watakaosoma majina, wakiwa wameyafanyia mazoezi na wenyewe, hawatayavunja. Jina na mahali huchukua sekunde sita, kwa hiyo majina 300 ni nusu saa. Mgeni rasmi azungumze baada ya majina, kamwe asitangulie. Akianza yeye, atakula nusu saa hiyo, na bibi aliyetoka Ukerewe atasinzia kabla jina lake halijafika.

Kabla gombo halijafungwa lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, nakala moja ipelekwe Maktaba ya Mkoa, nyingine makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Lenyewe litunzwe ndani ya mfuko wa kitambaa, juu ya rafu, mbali na mchwa. Plastiki inafungia jasho.

Zile mita mbili za mwisho ni za siku yenyewe. Tayarisheni karatasi tano tupu, zibandikwe mapema, na mezani mlangoni pawe na pedi ya muhuri, kitambaa cha kufutia dole na kiti. Kila mara atatokea bibi ambaye hakuna aliyemfikia, amesikia sauti ya kipaza akiwa sokoni, anasimama kizingitini na kuuliza kama na yeye yumo.