Kumbukumbu ya mradi wa bei za samaki: kuzishusha modeli za API kutoka kwenye wingu

Jumamosi

API ya bei za samaki (njia ambayo programu hutumiana data) imeanza kupokea bei za mnada wa Feri, Dar es Salaam. Inakaa kwenye Amazon API Gateway, huduma ya wingu ya AWS ya kuendesha API, kanda ya Cape Town (af-south-1). Kazi ya wikendi hii ni moja tu: kuzishusha modeli zote za data zilizoko huko, yaani maelezo ya umbo la data inayokubalika, na kuzihifadhi kwenye Git, hifadhi inayotunza historia ya mabadiliko, pamoja na msimbo wetu.

Kwangu modeli ndiyo mkataba wenyewe. Ndiyo inayosema bei ni namba iliyo juu ya sifuri, na kipimo ni kilo, fungu au tenga, basi. Mkataba wa namna hiyo ukikaa kwenye konsoli (ukurasa wa AWS wa kusimamia huduma) peke yake, mwenzangu akiubadilisha kwa kubofya, anayeandika programu ya simu hana pa kuona kilichobadilika.

Amri ya kuanzia:

`aws apigateway get-models --rest-api-id $API --region af-south-1`

Kitambulisho cha API, ndicho kinachokaa kwenye `$API`, hupatikana kwa `get-rest-apis`. Jibu linakuja na orodha iitwayo `items`, na kila modeli ina `id`, `name`, `contentType` na `schema`, pamoja na maelezo kama uliyaandika. Zetu ni Mnada, Samaki na Kipimo. Kuna pia Empty na Error, zile za mwanzo ambazo API Gateway huzitengeneza, nimeziacha.

Skima yenyewe (kanuni za modeli) hairudi kama JSON ya kawaida, ule muundo wa kuandika data kwa maandishi. Inarudi kama maandishi ndani ya JSON, imejaa mikwaju ya kinyume, haisomeki kwa macho. Dawa yake ni kuitoa moja moja na kuipitisha kwenye jq, programu ya kusoma na kupanga JSON:

```
for m in Mnada Samaki Kipimo; do
  aws apigateway get-model --rest-api-id $API \
    --model-name $m --query schema --output text \
    | jq -S . > modeli/$m.json
done
```

Ile `-S` hupanga funguo kwa alfabeti. Bila hiyo, mtu akihamisha mstari mmoja tu kwenye konsoli, `git diff` inaonyesha badiliko ambalo kimaana halipo.

Jumapili

Mnada inaitaja Samaki kwa `$ref` (rejeo kwa modeli nyingine), na kiungo chake ni anwani kamili: `https://apigateway.amazonaws.com/restapis/…/models/Samaki`. Kitambulisho cha API kimo humo ndani, kwa hiyo faili hilo huwezi kulipeleka kwenye API ya majaribio kama lilivyo. Ukiongeza `--flatten` kwenye `get-model`, marejeo yote yanafumuliwa na unapata skima moja nzima. Nimeamua kuweka aina zote mbili: yenye marejeo kwa ajili ya Git, iliyofumuliwa kwa ajili ya programu ya simu, ili ikague bei kabla ya kuituma. Anayeandika upande wa simu akumbuke kwamba skima hizi ni za JSON Schema toleo la rasimu ya 4. Humo `exclusiveMinimum` ni kweli au si kweli, wakati kwenye rasimu mpya ni namba. Maktaba ya ukaguzi lazima iwe inayoielewa rasimu hiyo.

Jambo kubwa la leo ni hili, na naomba kila atakayeugusa mradi alisome. `get-models` inaonyesha modeli kama zilivyo kwenye API sasa hivi, hata kama hazijapelekwa kwa watumiaji. Badiliko haliwafikii mpaka `create-deployment` ifanyike. Kwa hiyo kinachoshushwa na skripti ya juu ni rasimu yetu ya kazi (si ile rasimu ya JSON Schema). Ukitaka kujua kinachotumika kweli, uliza hatua yenyewe (stage, yaani toleo lililokwisha kupelekwa; la watumiaji wetu ni `prod`):

`aws apigateway get-export --rest-api-id $API --stage-name prod --export-type oas30 --accepts application/json prod.json`

Modeli zimo chini ya `components.schemas`. Sasa naweka yote mawili kwenye hifadhi, rasimu na prod, kwa sababu tofauti kati yao ndiyo kazi inayosubiri kupelekwa.

Kuwepo kwa modeli peke yake hakuzuii data mbovu. Metodi lazima iwe na kikaguzi cha ombi kinachoangalia mwili. Hapo ndipo ombi lenye kasoro linarudishwa na 400, namba ya kosa la ombi baya. Tena, kama `Content-Type` ya ombi (aina ya data iliyotumwa) hailingani na ile iliyofungwa na modeli, ukaguzi haufanyiki kabisa. Kwa metodi ya kupokea bei nimefunga modeli kwa `$default`, ili itumike kwa `Content-Type` yoyote.

Mtumiaji wa skripti nimempa ruhusa ya `apigateway:GET` tu, kwenye njia ya modeli na ya export za API hii. Anasoma, haandiki.

Kinachofuata ni kuongeza "ndoo" kwenye Kipimo, maana dagaa huuzwa kwa ndoo. Badiliko litaanzia kwenye Git, lipande kwa `update-model`, kisha lipelekwe kwenye hatua ya majaribio kabla ya prod.