Hedifoni za miwani ya VR: nilivyohangaika nazo Mwanjelwa mpaka nikapata

Aliyenifumbua macho kuhusu hedifoni ni mpiga ngoma wa kwaya. Anatoka Uyole, hapahapa Mbeya, huja Mwanjelwa Jumamosi kuchukua bidhaa za duka la mama yake, na kila akija lazima apite kwenye chumba changu cha gemu kabla ya kupanda daladala ya kurudi. Siku hiyo alivaa miwani ya VR, ile inayokuingiza macho na masikio ndani ya mchezo, akachagua Beat Saber, ule mchezo wa kukata viboksi kwa panga mbili kufuata mdundo. Nilijua ataupasua. Mtu anayewashikia mdundo waimbaji 40 kila Jumapili atashindwaje na viboksi? Akashindwa. Wimbo haukufika hata katikati, mchezo ukamtoa. Akarudia, ukamtoa tena. Aliyemfuata, mtoto wa darasa la sita, akaumaliza wimbo uleule.

"Kaka, mlio unachelewa," akaniambia huku anavua miwani. "Viboksi vinafika, halafu ndiyo nasikia."

Chumba changu kiko jirani na soko. Nina televisheni tatu za gemu za mpira na miwani moja, Meta Quest 2, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Dakika 10 ni shilingi 2,000. Miwani hiyo ina spika zake kwenye mikono ya mkanda, na kwa mtu anayecheza peke yake nyumbani zinatosha. Nakushauri uanze nazo hizo kabla hujatoa hela. Kwangu hazikutosha. Televisheni tatu zinatangaza magoli kwa mpigo, nje kuna kijiwe cha bodaboda, na anayesikiliza spika zile anasikiliza na hayo yote. Ndiyo maana nilikuwa nimemvalisha yule kijana hedifoni za Bluetooth, nilizozipata palepale sokoni kwa shilingi 35,000.

Alipoondoka nikavaa mwenyewe. Nikafungua mchezo wa kulenga shabaha, nikavuta kidole. Moto ukatoka mdomoni mwa bunduki, pedi ikatikisika mkononi, kisha ndiyo mlio. Ni kitambo kidogo sana, lakini ukishakigundua huwezi tena kuacha kukisikia.

Bluetooth ya kawaida huweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 150 hadi 250, kwa sababu sauti hubanwa kwanza, ikarushwa hewani, halafu ikafunguliwa upande wa pili. Sasa piga hesabu. Wimbo wa midundo 120 kwa dakika una mdundo mmoja kila milisekunde 500. Ukichelewa 200 tu, umeshakaribia kuangukia katikati ya mdundo na mdundo. Mtoto wa darasa la sita alikuwa anakata kwa macho. Mpiga ngoma alikuwa anakata kwa masikio, kama alivyozoea, na masikio yalikuwa yanaletewa habari za jana.

Wateja hunibishia hapa: mbona nikitazama video kwa hedifoni hizohizo midomo inakwenda sawa na maneno? Inakwenda sawa kwa sababu simu inajua sauti itachelewa, kwa hiyo inaizuia na picha kidogo, vikafika pamoja. Kwenye gemu hilo haliwezekani. Hakuna ajuaye utakata saa ngapi mpaka ukate.

Basi nikaapa kurudi kwenye waya. Quest 2 ina tundu la jeki ya milimita 3.5, na Quest 3 iliyotoka 2023 nayo inalo. Angalia hilo kabla ya kununua chochote, maana Quest 3S ya 2024 haina. Mwanafunzi mmoja wa MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, alikuja kwangu na 3S yake na hedifoni nzuri kabisa za waya, akakuta hakuna pa kuchomeka. Ilimbidi atafute adapta ya USB-C. Zipo pia hedifoni zisizo na waya zinazokuja na kipokezi chao kidogo cha kuchomeka, zinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na ucheleweshaji wake ni mdogo kiasi kwamba huusikii. Lakini ni za bei, na kwenye chumba cha biashara kitu kidogo kama kile kinapotea wiki ya kwanza.

Waya niliupata, ila kwa pupa. Nilimpigia muuzaji mmoja Kariakoo nikamwambia nataka heseti ya gemu iliyo bora, akanitumia kwa basi boksi kubwa lenye maandishi 7.1. Nikaamini njia saba za sauti lazima zishinde mbili. Hapa nataka nieleze taratibu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoacha hela zao.

Una masikio mawili tu, na kwa hayo mawili unajua mlango uliogongwa uko wapi. Sauti ikitoka kulia inafika sikio la kulia kwanza. La kushoto inalifikia ikiwa imechelewa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na imepungua nguvu kwa sababu kichwa kimeikinga. Mikunjo ya sikio lenyewe nayo huibadilisha sauti kidogo kulingana na inakotoka, juu au chini, mbele au nyuma. Mchezo wa VR uliotengenezwa vizuri unayakokotoa hayo yote na kukuletea sauti mbili zilizoiva, moja kwa kila sikio, na ukigeuza kichwa unakokotoa upya papo hapo. Kazi ya hedifoni ni kuzifikisha hizo mbili zilivyo. Ile 7.1 ni ujanja wa programu wa kuigiza spika saba na besi yake. Ukiuwasha juu ya sauti ambayo mchezo umeshaipika, unaipika mara ya pili. Nilijaribu kwenye kompyuta ya rafiki yangu mwenye VR ya waya. Zombi aliyekuwa nyuma ya bega langu la kushoto akawa yuko kila mahali, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Tukazima 7.1, akarudi begani. Na kwenye jeki ya Quest 2 ujanja ule haukuwapo kabisa, kwa sababu ulikuwa unafanya kazi kwa USB kwenye kompyuta tu. Nilikuwa nimelipia kitu nisichoweza kukitumia, na hata ningeweza, kingeniharibia.

Kisha uzito. Quest 2 yenyewe ni gramu 503. Ile heseti niliipeleka kwenye mizani ya jirani yangu muuza mchele, ikasoma gramu 360. Mama mmoja muuza vitenge alipenda sana mchezo wa kutembea chini ya bahari, akaja na dada yake. Alikuwa amesuka rasta na kuzifunga juu. Utepe wa heseti ukakaa juu ya mkanda wa miwani, mkanda juu ya rasta, na yale masufuria ya masikioni yakakalia mikono ya miwani badala ya kukaa kwenye ngozi. Besi yote ikamwagikia nje. Dakika ya nne akaomba kuvua.

"Mwanangu, kichwa kinavutwa mbele," akasema, anajishika shingo.

"Pole mama," nikamwambia, na nikamrudishia hela yake. Tangu siku ile sinunui hedifoni ya VR kabla sijaivaa pamoja na miwani, na kabla hajaivaa mtu mwenye nywele nyingi na mwingine mwenye miwani ya macho.

Prodyuza mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya aliniazima za studio, nzuri, wazi kwa nyuma, nyepesi kuliko ile heseti. Nikachomeka, sauti ikatoka nyembamba kama redio ya chumba cha pili. Zilikuwa za Ohm 250, yaani ukinzani wake kwa umeme ni mkubwa, zinataka amplifaya, na VR ya kichwani ina nguvu ndogo tu ya kusukuma sauti. Kwa miwani ya aina hii tafuta zenye Ohm 32 hivi. Hata 60 zinakwenda.

Na ni hizo za 60 ndizo nilizoishia nazo. Wachezaji wengi wa VR huko nje wanazisifu Koss KSC75, vidude vidogo vya kutundika sikioni kwa ndoano, visivyo na utepe wa kichwani. Ni za kampuni ya Marekani na wala si za bei kubwa. Mtu wa Dar anayeagiza vitu nje aliniletea, nikasubiri wiki tano. Siku ya kwanza kuzivaa nilisimama katikati ya msitu wa kwenye mchezo, nikafumba macho, nikawa nawahesabu ndege. Mmoja juu kulia. Wawili mbali, mmoja akihama. Sikuwa nasikia hedifoni, nilikuwa nasikia msitu. Hiyo ndiyo raha ya zilizo wazi: sauti haijafungiwa kichwani, inakaa nje yako, mahali pake. Sikio halichemki, na nikimwambia mteja "rudi nyuma, ukuta huo" ananisikia.

Lakini kilicho wazi kinaingiza na kutoa. Kelele za televisheni zikawa zinaingia. Nikaihamishia VR chumba cha nyuma kilichokuwa stoo, nikatundika mablanketi mawili ukutani na moja mlangoni. Kwa baridi ya hapa mablanketi si kitu cha kutafuta.

Zile ndoano nazo zilisumbua. Dada mwenye hijabu hawezi kutundika kitu sikioni mbele ya watu, na waya mrefu ulikuwa unapigwa na mikono ya mchezaji kila anapokata. Siku moja mkono wa kijana uliunasa waya ukachomoka kwenye mzizi wa jeki. Nikazipeleka kwa fundi simu wa Kabwe. Nilimwomba mambo mawili: aufupishe waya ulingane na umbali kutoka sikioni hadi kwenye tundu, na aweke jeki iliyopinda ili isichomoze pembeni.

Nilikaa naye nikitazama. Waya wa hedifoni ni nyuzi nyembamba kama nywele, zimepakwa rangi ya kuzikinga, na risasi ya kulehemu haishiki kwenye rangi. Alipitisha ncha kwenye moto wa kiberiti cha gesi kwa nukta moja tu, rangi ikaungua, akaisugua kwa kucha ya dole gumba, shaba ikang'aa. Nyekundu ya kulia, kijani ya kushoto, ile isiyo na rangi ya pamoja. Akalehemu. Halafu tukaondoa ndoano, akakata vipande viwili vya plastiki kwenye dumu la mafuta, akavitoboa, akavifunga kwenye mikono ya miwani kwa vile vijikanda vya plastiki vya kukaza. Sasa spika zinaning'inia zenyewe mbele ya masikio, zikiligusa sikio kidogo tu. Mwenye hijabu anavaa juu ya hijabu, sauti inapita.

Jioni hiyo kila mteja akawa anazunguka kama anayefukuza mkia. Nikavaa. Nikasikia mlango ukifunguka kushoto, nikageuka kushoto, nao ukazidi kwenda kushoto. Kadiri nilivyoufuata ndivyo ulivyonikimbia. Kushoto na kulia vilikuwa vimebadilishana wakati wa kulehemu. Ukiwa unasikiliza muziki unaweza kumaliza mwaka bila kujua, lakini VR haisamehi. Fundi akarekebisha bure, na mimi nikapata kipimo ninachokitumia hadi leo kwa hedifoni yoyote: natafuta kitu kinachotoa mlio bila kukoma kwenye mchezo, jiko au redio, nafumba macho, nageuza kichwa pole pole kuelekea mlio mpaka niusikie uko mbele ya pua, nafumbua. Kikiwa mbele yangu, hedifoni ni nzima. Kisha nagonga kitu kwa pedi haraka haraka kusikia kama mlio unafuatana na mkono.

Mpiga ngoma alirudi baada ya miezi miwili. Sikumwambia lolote. Alimaliza wimbo, akaomba mgumu zaidi, akaumaliza na huo, na mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu muda wote.

Lililobaki ni mvua. Hapa kwetu ikianza Novemba inakwenda hadi Aprili, na chumba changu ni bati tupu bila dari. Mvua ikipiga, hedifoni za wazi hazisikiki kabisa, na mteja anakimbilia kuongeza sauti. Hilo sitaki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto 75, na wateja wangu wengi ni watoto. Kwa hiyo nina hedifoni ya pili, iliyofungwa nyuma, ya Ohm 32, nyepesi, yenye utepe mwembamba unaopita nyuma ya mkanda. Haina ule upana wa msitu, na masikio yanapata joto, ila inazuia bati vya kutosha kwa mvua ya kawaida. Sauti naipandisha mimi, mteja hagusi. Na ikija ile ya Machi ya kumwagika, nazima miwani, narudisha hela ya dakika zilizobaki, tunakaa kwenye benchi kungoja ipite.